Ukisikia Honi, Toka

Baba yangu alinifundisha kuendesha baiskeli mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kama watoto wote wanavyofundishwa, kwa kusukumwa na kuachiwa, nikaishia kwenye mahindi ya jirani. Mara ya pili ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu ilinifuata mpaka China, na huko nusura imuue mtu.

Tulikuwa tunakaa Nangara, pembeni ya mji wa Babati. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, Babati imefanywa makao makuu, na watu wazima walitembea kifua mbele utadhani kila mmoja kagawiwa kipande cha ofisi. Sisi wa pembeni tulichogawiwa ni magari. Kulikuwa na mashangingi ya wakuu, malori ya saruji na nondo za kujengea hizo ofisi, na mabasi ya Singida na Arusha yaliyozidi kila msimu. Lami ilikuwa bado. Lori likipita, vumbi lilisimama barabarani hata usione mikono yako kwenye usukani, na lori la pili lilikuwa linakuja humohumo ndani ya vumbi la mwenzake.

Baba alipeleka maziwa mjini kwa baiskeli nyeusi ya Kichina yenye keria pana, kwenye mgahawa wa mzee mmoja wa Kiislamu karibu na stendi. Nilipofika darasa la sita alinipa dumu langu na baiskeli ya kuazima, tukawa tunakwenda wawili kabla ya shule. Mwaka huohuo jirani yetu, aliyekuwa akiuza majani ya ng'ombe, aligongwa na lori. Walioshuhudia walisema alisikia honi, akageuza shingo kutazama, na mikono ikafuata shingo. Baba alikwenda kumzika, akarudi, hakula. Kesho yake jioni akaniita uani.

"Ukisikia honi nyuma yako, usitazame," aliniambia. "Toka. Kushoto, majanini, mtaroni, popote. Maziwa yamwagike."

Hiyo ya maziwa ndiyo iliyonitisha, maana Baba hakuwa mtu wa kusema maziwa yamwagike.

Mafunzo yakaanza. Mimi mbele, yeye nyuma na baiskeli yake, kimya kabisa, halafu ghafla anapiga honi ya lori kwa mdomo. Alikuwa na mapafu yule mzee. Nikitazama nyuma, tunarudi nyumbani na kuanza upya. Nikitoka kushoto bila kutazama, hasemi kitu, na kwa Baba kutosema kitu ndiko kulikuwa kusifiwa. Alinipigia honi kwenye njia ya shambani ambako hata punda wenye mkokoteni hawapiti. Alinipigia honi nikiosha vyombo. Mama mmoja wa jirani alimuuliza mama yangu kwa upole kama mzee anajisikia vizuri, na shuleni wenzangu walijua kwamba ukinijia nyuma na kupiga kelele, naruka kushoto kama panzi. Walijifurahisha sana. Mimi sikufurahi, ila hakuna lori lililonipata.

Baada ya miezi Baba aliacha kupiga honi za mdomo. Lakini aliendelea kukaa nyuma yangu kila asubuhi, ingawa alikuwa na mwendo kunishinda na maziwa hayapendi kuchelewa. Nilidhani analinda dumu langu.

Nikakua, nikapata ufadhili wa kwenda kusoma China, katika jiji kubwa lililokatwa na mto ambao siku ya ukungu huoni ng'ambo yake. Babati walinionya kuhusu chakula, baridi na lugha. Hakuna aliyenionya kwamba kule magari yanapita kulia. Yaani nilijua, nilishasoma. Mwili ndio ulikuwa haujasoma. Kwetu kushoto ni nje ya barabara, kule kushoto ni katikati yake. Na lile lilikuwa jiji la honi. Walipiga honi kuomba njia, kutoa njia, kusalimiana, na nadhani wengine walipiga wakiwa wanawaza tu.

Mtu wa kwanza kuligundua tatizo langu alikuwa mwenzangu wa maabara, dada mmoja mfupi, mwembamba, mwenye baiskeli ndogo yenye kikapu mbele. Siku moja tulikuwa tunatoka darasani kwa baiskeli, pikipiki ikapiga honi nyuma yetu, nikajikuta nimeruka kushoto mbele ya guta la matairi matatu lililosheheni maboksi. Dereva alifunga breki na kunitukana, nikashukuru kwamba Kichina changu kilikuwa bado kichanga. Dada akaniuliza kulikoni. Nikamweleza kwa maneno niliyokuwa nayo: kwetu, honi, kushoto, baba yangu. Nikampigia na ile honi ya mdomo. Alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Halafu akaacha kucheka na kuniuliza kama ni kushoto kila mara. Nikamwambia kila mara.

Muda si mrefu, wanafunzi wa maabara wakapanga safari ya baiskeli ya kutwa nzima: kulizunguka ziwa, kupita katikati ya jiji, kuvuka daraja kubwa, na kurudi jioni. Nami nilialikwa. Ningekataa, lakini ulikuwa mwaliko wangu wa kwanza tangu nifike, na mpweke hachagui. Isitoshe nilikuwa nimejisifu kwa kila aliyesikia kwamba mimi nimekulia juu ya baiskeli. Mdomo uliponza kichwa.

Usiku wa kuamkia safari nililala nikisikia honi. Asubuhi tulikusanyika getini kundi zima, na kiongozi, kijana mrefu mwenye filimbi shingoni, akatupa masharti. Twende wawili wawili. Asiyekuwa na uzoefu wa barabara zile akae kulia, karibu na ukingo. Asitoke mtu kwenye mstari. Mimi nikawekwa kulia. Yule dada alikuwa amepangwa mbele kabisa kwa sababu ni mwenyeji wa jiji lile, lakini alikuja na kikapu chake akajipanga kushoto kwangu. Kiongozi akalalamika, yeye akajibu neno moja fupi, kiongozi akainua mabega na kwenda zake.

Hapo ndipo hofu yangu ilipobadilika. Mpaka dakika ile nilikuwa naogopa kufa, na huo ni woga wa kawaida, mtu unaweza kusali nao. Sasa niliogopa kuua. Yeye alikuwa kati yangu na magari. Honi ikilia nyuma, nitaruka kushoto kama nilivyoruka maisha yangu yote, na kushoto hapakuwa na majani wala mtaro. Palikuwa na yeye, na baada yake mabasi.

Nikamwambia arudi nyuma yangu. Nikamweleza waziwazi kwamba honi ikilia nitamsukumia chini ya gari. Nilikosea maneno, lakini si kiasi cha kutoeleweka.

"Najua," alisema, akagonga kengele yake, tukaondoka.

Ziwa lile walilisifia wote. Lilikuwa kubwa kuliko letu la Babati na halina kiboko hata mmoja, kwa hiyo watu walikaa ukingoni na ndoano zao bila wasiwasi. Sikuliangalia. Niliangalia tairi la mtu wa mbele na kusikiliza nyuma, mpaka shingo ikakakamaa. Barabara ya ziwani ilikuwa na magari machache, na kila moja lilipopiga honi bega langu la kushoto liliinama lenyewe, nami nikalivuta. Nilishika usukani hadi vidole vikafa ganzi. Nilikuwa nasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Kulia, kulia, kulia," na kina mama waliokuwa wanatembea pembeni waligeuka kutazama ni dini gani ile.

Tulipoingia jijini kabisa, honi zikawa za kila upande. Barabara zilipita juu ya barabara nyingine. Pikipiki za umeme zilitokea bila mlio wowote, na hizo niliziogopa kwa sababu hazikusikika, na mabasi niliyaogopa kwa sababu yalisikika. Kutoka taa hadi taa nilikuwa nikimwomba Mungu atupe nyekundu ili tusimame. Mungu alitupa kijani.

Na yule dada alikuwa ananiongezea maudhi. Tangu ziwani aliendesha kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulishika usukani, wa kulia ameuachia, ameukunja kidogo, unaning'inia kati yetu. Kwenye mlima mkono mmoja, kwenye kona mkono mmoja, hata pale ambapo kiongozi mwenyewe alishika kwa mikono miwili. Kwetu tungesema anajidai. Nikawaza, mimi hapa nahangaika nisimuue, mwenzangu anafanya maonyesho. Nilimkasirikia kabisa, na hasira ikanisaidia kidogo, maana ukiwa na hasira hofu inasogea ikupishe.

Mchana tulisimama kula tambi za mchuzi. Niliona anajikanda bega la kulia, na vile vijiti vya kulia chakula amevihamishia mkono wa kushoto, tambi zinamdondoka. Nikamwambia mchana huu ashike usukani kwa mikono miwili kama watu. Akacheka, akasema tambi zangu zinapoa.

Halafu likaja daraja.

Lilikuwa na barabara juu na reli chini, na treni ilipopita huko chini daraja zima lilitetemeka, ukausikia mtetemo kwenye kiti cha baiskeli na kwenye meno. Kulia kulikuwa na kizuizi cha chuma, na baada ya kizuizi hewa tupu, na chini kabisa maji ya kahawia yenye meli. Kushoto mabasi yalipita karibu kiasi kwamba niliweza kuona nyuso za abiria. Upepo ulitusukuma. Nilitaka kushuka nitembee, lakini nyuma yetu kulikuwa na jozi nyingi za baiskeli na sharti lilikuwa tusitoke kwenye mstari. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuipata kabla ya hapo wala baada ya hapo, na midomo ilikuwa mikavu hata ile "kulia" ikashindwa kutoka.

Tulipofika katikati, honi ikalia. Haikuwa honi ya gari dogo. Ilikuwa ile nzito ya sauti mbili, sawasawa na basi la Singida likiteremka kuingia Babati, na ilikuwa nyuma yangu papo hapo.

Sikutazama. Nilitoka.

Sikuamua, niandike hivyo ili ieleweke. Mikono ilikata kushoto, mwili ukalala kushoto, na bega langu likagonga kitu. Ulikuwa mkono wake. Kiganja kilikuwa wazi, kiwiko kimekazwa, na hakikuwa kimekuja kunizuia, kilikuwa kipo. Tulibaki tumeegemeana hivyo, mimi namsukuma kwa uzito wangu wote na yeye, mdogo vile, ananirudisha. Basi likapita upande wake wa pili kwa upepo uliompeperusha nywele zikamfunika uso. Nilisikia anasema neno moja tu mara kwa mara, na lilikuwa miongoni mwa maneno ya kwanza niliyojifunza nchini mwao: mbele, mbele, mbele. Basi likamaliza kupita. Nikanyooka. Waliokuwa nyuma yetu nadhani hawakuona kitu zaidi ya watu wawili waliogusana mabega.

Mwisho wa daraja nilishuka, nikakaa chini pembeni. Yeye naye akakaa. Mkono wake wa kulia aliulaza mapajani, akaukanda kwa ule mwingine. Nikamuuliza aliwahije, maana honi na mwili wangu viliondoka pamoja.

"Ulisema ni kushoto kila mara," alisema. "Basi mimi nikakaa kushoto."

Nilimtazama, nikatazama ule mkono, nikakumbuka ziwani, milimani, kwenye kona, na tambi zilizokuwa zinamdondoka. Alikuwa ameuweka tayari kunizuia tangu asubuhi. Nililia mbele ya kundi zima, na kiongozi akaja mbio akidhani nimeumia. Njia ya kurudi alikaa palepale, mkono palepale, nami sikumwambia tena ashike usukani kama watu.

Siku chache baadaye nilimpigia Baba simu. Nilikusudia kuisimulia kama kichekesho, kwamba amri yake ilitaka kuniua ugenini. Haikutoka kama kichekesho. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza yule binti alikaa upande gani hasa. Nikamwambia kushoto. Akauliza magari yalikuwa yanapita upande gani. Nikamwambia kushoto kwake.

"Huyo amelelewa," alisema Baba.

Nilisikia ng'ombe nyuma yake, na mama akiuliza ni nani kwenye simu. Halafu akaniuliza kama nakumbuka tulipokuwa tunapeleka maziwa yeye alikuwa anakaa wapi. Nikamwambia nakumbuka, alikuwa anakaa nyuma yangu, kila siku, hata alipoacha kunipigia honi.

"Na malori yalikuwa yanatokea wapi?" akauliza.