Jumamosi Niliyopanda Kilima na Mke Mwenzangu

Nilianza kupanda vilima nikiwa mjane. Kabla ya hapo safari yangu ndefu kwa miguu ilikuwa ya kutoka mtaa wa Kaloleni, hapa Kisumu, hadi duka la vifaa vya ujenzi ninakouza misumari na rangi, kisha kurudi. Mume wangu alipofariki, nyumba ikawa kubwa ghafla, ingawa ni vile vyumba viwili vya zamani vya baraza la mji. Jumamosi ndiyo iliyonisumbua zaidi. Siku za kazi zina kazi na Jumapili ina kanisa, lakini Jumamosi ilikuwa haina mwenyewe.

Aliyenitoa ndani ni msusi wangu, mwanamke mwenye saluni huko Manyatta na sauti inayosikika mtaa wa pili. Alikuwa ameanzisha kikundi cha wanawake wa kupanda vilima.

"Utaozea humo ndani," aliniambia siku moja akinisuka. "Jumamosi vaa raba, uje."

Nikaenda. Tulianza na Riat, hapo juu ya mji, nikapumua kama injini mbovu. Baadaye tukaanza kwenda mbali zaidi, upande wa Seme, ambako majabali ya itale yamerundikana kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akijenga, akaitwa, akaenda zake. Nilijifunza kuyajua mawe hayo kwa mikono. Likikauka, jabali la itale linashika raba kama msasa, na unaweza kutembea juu yake wima bila hofu. Likinyeshewa ni sabuni. Asubuhi huwa bado lina ubaridi wa usiku, mchana ukilishika unafikiri ni sufuria. Na ukifika juu, ziwa lote liko chini yako, na upepo unakuja kutoka majini ukikukausha shingo. Nilikuwa nikilala vizuri usiku wa Jumamosi.

Basi siku moja msusi akatangaza kilima kinachofuata. Kilikuwa kilima kilicho nyuma kabisa ya boma la mume wangu, anakoishi mke wake wa kwanza.

Mimi ni mke wa pili. Mume wetu alifanya kazi mjini, akaniolea mjini, na mke wake mkubwa akabaki nyumbani na mashamba na ng'ombe. Tulikuwa tukionana kwenye mazishi na harusi, tukisalimiana kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, basi. Kwa Kijaluo mke mwenzangu namwita nyieka, na wivu unaitwa nyiego. Masikio yenyewe yanakuambia maneno hayo ni ndugu. Nina nyumba yangu ndogo ya mabati katika boma lile, kando ya yake, lakini tangu tumzike mzee nilikuwa nimeifunga kwa kufuli na sikuwa nimerudi. Wala yeye hakuwa amenipigia simu. Nilidhani najua sababu.

Ningeweza kusema naumwa. Lakini nilijiambia kwamba njia inapita nyuma ya ua, kwamba nitavaa kofia pana, na kwamba mwanamke wa kijijini Jumamosi asubuhi hawezi kukosa kuwa sokoni.

Gari tulilokodi likatushusha barabarani, tukaanza kufuata kijia katikati ya mtama. Nilitembea katikati ya kundi, kichwa chini. Tulipofika nyuma ya ua wa miti, nikasikia sauti:

"Wewe wa suruali ya buluu! Unapita nyuma ya boma lako kama mwizi wa kuku?"

Alikuwa amesimama na jembe mkononi, magunia mawili yamefungwa kiunoni badala ya aproni. Amenizidi umri kwa miaka mingi, ni mrefu, na ana mabega ya mtu aliyelima maisha yake yote. Nilitamani ardhi inimeze. Kupita bila kusalimia ni jambo moja. Kupita bila kusalimia nikiwa nimevaa suruali, mbele ya mke mkubwa, karibu na kaburi la mume wetu, hilo lilikuwa jambo jingine kabisa.

"Mama, samahani," nikasema. "Tulikuwa tunapanda kilima tu. Ningepita nikirudi."

"Mnapanda mkatafute nini?"

Wenzangu wakatazamana. Msusi ndiye aliyejibu. "Hakuna, mama. Tunapanda tuone ziwa, halafu tunashuka."

Alitutazama mmoja mmoja, kisha akageuka akakitazama kile kilima kama mtu anayemtazama jirani aliyemzoea mno.

"Nimeolewa chini ya jiwe hili nikiwa msichana," akasema. "Kuni nimeokota mpaka pale kwenye mti wa mkuyu. Juu sijawahi kufika. Mwanamke aliyeolewa angesema anaenda juu kufanya nini?" Akaegemeza jembe kwenye ua. "Ngojeni nivae viatu."

Akarudi amevaa raba nyeupe za mjukuu wake, zimekanyagwa visigino, na leso kichwani. Nikafungua lango nikaingia kwanza, nikasimama kidogo kaburini, kwa sababu sikuweza kuendelea bila kufanya hivyo. Alinisubiri nje.

Hadi kwenye mkuyu alituacha wote nyuma. Baada ya hapo njia inakuwa mwamba mtupu unaopanda mteremko mrefu, na kando yake mishubiri inaota kwenye nyufa. Pimbi walikuwa wakiota jua juu ya mawe, wakatuona, wakapotea. Hapo ndipo mwendo wake ulipopungua. Nilimsikia pumzi. Alianza kushika goti kwa kila hatua, kisha akasimama akisingizia kufunga leso.

"Nendeni," nikawaambia wenzangu. "Tutawafikia."

Tukakaa kivulini, chini ya jabali lililoegemea jingine. Nikampa maji. Akanywa, akanirudishia chupa bila kuniangalia, na kwa muda tukasikiliza kundi likicheka huko juu. Tulikuwa hatujawahi kukaa peke yetu, mimi na yeye, pahali popote.

"Nikuulize kitu," akasema, "na unijibu kama mtu mzima. Pale hospitali, ni kitu gani nilimkosea hata akataze nisiitwe?"

Sikumwelewa. Nikamuuliza nani aliyekataza.

"Yeye. Shemeji yako alikuja hapa akaniambia mgonjwa amesema nisisumbuliwe, nikae na ng'ombe, atapona arudi. Kabla sijajua kama nimebisha au nimekubali, nikaletewa habari amekufa."

Shemeji huyo ni ndugu mkubwa wa mume wetu. Siku kiharusi kilipompata mzee pale nyumbani Kaloleni, huyo ndiye niliyempigia simu wa kwanza, na ndiye aliyeniambia nisihangaike, yeye mwenyewe atampasha habari mke mkubwa na kumleta. Siku zilipopita bila mke mkubwa kuja, nilimuuliza shemeji. Akajibu kwamba mwenyewe amekataa kuja.

Nikamweleza hayo yote. Nikamwambia, "Mzee hakukataza kitu. Hakusema neno lolote tangu alipoanguka mpaka mwisho. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mimi nilikaa pale nikijua wewe umekataa kuja kumwona kwa sababu yuko kwangu."

"Mimi nikatae?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

Akaifungua leso yake kichwani akajifuta uso, polepole, kama anayefuta meza. Nilidhani atalia, nami nilikuwa karibu, lakini alianza kuniuliza maswali madogo madogo, moja baada ya jingine. Alikuwa anakula? Nikamwambia uji, kwa mrija. Nani alikuwa akimgeuza? Mimi na muuguzi. Alikuwa anajua watu? Nilidhani anajua, kwa sababu macho yalinifuata.

"Na mikono?"

"Wa kushoto ulikuwa unasogea. Alikuwa akijipapasa kifuani, hapa, siku nzima. Wauguzi walifikiri moyo unamuuma."

Akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tuketi. "Kitana!"

Sikuwa nimewaza hilo. Mume wetu alikuwa na kipara tangu nimjue, kinang'aa, na bado kila shati lake lilikuwa na kitana kwenye mfuko wa kifuani. Hatoki nje bila hicho kitana. Pale kitandani alikuwa amevalishwa gauni la hospitali, lisilo na mfuko.

"Alikuwa anachana nini, yule mtu?" akauliza, na sauti ikamkatika katikati, nikashindwa kujua kama ni kicheko. Kisha kikawa kicheko kweli. Tulicheka mpaka msusi akaita kutoka juu akiuliza kama tumeumia. Nilipofuta machozi, niliona na yeye anafuta, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wangu. Sijui ulikuwa hapo tangu lini.

"Haya," akasema. "Goti limepoa. Twende."

Sehemu ya mwisho ya kilima kile si ya kutembea. Kuna mawe mawili makubwa yaliyoachana kidogo, unapita katikati ubavu-ubavu, halafu unakanyaga tuta la jiwe na kujivuta hadi juu. Alipita kwenye ufa akilalamika kwamba makalio yake hayakuumbwa kwa ajili ya mambo haya. Kwenye tuta nikauweka mguu wake juu ya paja langu, nikamsukuma kwa mabega yangu, na msusi na mwenzake wakamvuta kwa mikono kutoka juu. Alifika akiwa amelala kifudifudi. Akakaa, akaweka raba moja sawa, ndipo akainua macho.

Ghuba ilikuwa imetandazwa yote mbele yetu. Magugu maji yalikuwa yamejikusanya karibu na ufuko kama shamba la kijani, na ng'ambo vilima vya Homa vilikuwa vya buluu. Kule mwisho, Kisumu ilionekana kama vumbi linalong'aa.

"Kumbe liko karibu hivi," akasema. Sikujua anasema ziwa au mji.

Hakulitazama kwa muda mrefu. Akaanza kutafuta boma lake. Alipata kwanza kanisa, kisha shule, kisha paa lake, na akashangaa udogo wake. "Ndani ya kile kisanduku nimezaa watoto sita?" Akaniambia, "Na ile ni yako. Bati limeanza kutu upande wa mvua." Ilikuwa kweli. Nilikuwa sijawahi kuiona nyumba yangu kutoka juu.

Kisha akasimama wima ghafla.

"Wale ni ng'ombe wa nani?"

Ng'ombe watatu walikuwa ndani ya mtama wake, wametulia kama wageni mezani. Akaweka mikono mdomoni akapiga ukelele ambao sijasikia tena mfano wake. Mawe yaliupokea yakaurudisha. Huko chini milango ikafunguliwa, mtu mdogo kama sisimizi akatoka nyumba ya jirani mbio, akasimama, akageuka huku na huku akitafuta sauti inatoka wapi.

"Juu!" akamfokea. "Niko juu! Toa ng'ombe wako kwenye shamba langu!"

Yule mtu akainua kichwa. Hata kutoka pale tuliona jinsi alivyoshtuka. Wenzangu walikuwa wameketi chini kwa kucheka. Na mke mwenzangu, ambaye alipanda akishika goti, alishuka akitutangulia, akiteleza kwa makalio pale palipokuwa pabaya, akiapa atakachomfanyia jirani.

Hakumfanyia kitu, ila kumwambia maneno. Alitupikia omena, vile vidagaa vya ziwani, na ugali wa mtama, wanawake wanane barazani kwake, nami nikafungua nyumba yangu, nikafagia popo waliokufa, nikaiacha bila kufuli.

Nilitaka tumwendee shemeji siku ile ile. Akakataa. Alisema hilo ni jambo lake, atamuuliza mwenyewe. Miezi ilipita kabla hajafanya hivyo. Siku moja shemeji alikuwa akila kwake, naye akamuuliza waziwazi, na yule mzee akaweka tonge chini akasema kwamba alikuwa na mambo mengi wakati ule, hakumbuki alimwambia nani nini.

"Unamwamini?" nilimuuliza.

"Siku nyingine namwamini. Siku nyingine nampa chai bila sukari."

Sasa akija Kisumu kwenye kliniki ya macho analala kwangu. Hakukubali kujiunga na kikundi. Anasema kulipa gari ili ukachoke ni wazimu wa mjini. Lakini wakati wa likizo alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa nampimia mteja mabomba. Alikuwa amepanda tena, safari hii na wajukuu. Alikuwa akiniambia kitu kuhusu ziwa, au kuhusu mtama, sikupata vizuri kwa sababu upepo ulikuwa mkali na watoto walikuwa wakipiga kelele nyuma yake. Simu ikakatika. Nikamwomba mteja anisubiri, nikatoka nje, nikampigia.