Karani aliyekatazwa kujaza nafasi tupu

Saa tatu na robo asubuhi, mama mmoja mwenye bandeji jichoni anasukuma kadi yake chini ya kioo cha dirisha la miadi. Karani aliye upande wa pili anaipokea, anaangalia kompyuta, anaandika tarehe, kisha anairudisha bila kumtazama usoni. Si dharau. Ni aibu.

"Miezi mitano na wiki moja, mama."

Mama anahesabu kwa vidole, anarudia. "Hakuna ya karibu hapo, mwanangu?"

Karani anageuka. Nyuma yake, mlango wa kliniki ya macho uko wazi. Walioitwa leo ni thelathini. Waliokaa kwenye mabenchi ni ishirini na tano, na daktari ameshachungulia mara mbili kuuliza kama kuna waliochelewa.

"Ipo," anasema karani kwa sauti ya chini. "Ipo ya leo hii. Lakini nimekatazwa kukupa."

Mama anadhani hakusikia vizuri. Anaichukua kadi yake, anaondoka akipapasa ukuta.

Wagonjwa wa hospitali hii ya rufaa wanamwita karani huyo Bi Tarehe. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye dirisha hilo. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti inayofika hadi getini. Lakini ukimgusia habari ya miadi siku hizi, ucheshi wote unayeyuka.

"Nina hasira," anasema, akikunja mikono kifuani. "Usiandike kwamba nimesikitika. Kusikitika nilimaliza zamani. Andika nina hasira."

Hasira hiyo ilianzia kwa fundi cherehani mmoja mzee, mtu mpole, aliyefika dirishani na barua ya zahanati. Barua ilisema ana presha ya macho na aonwe na bingwa haraka. Bi Tarehe alitafuta nafasi, akapata baada ya miezi saba.

Fundi hakulalamika. Alirudi baada ya mwezi mmoja, akasema anaanza kujichoma sindano vidoleni kwa sababu pembeni haoni. Akarudi tena mwezi wa nne wa kusubiri, safari hiyo akisindikizwa na mkewe.

"Mara zote mbili nilimjibu vilevile," anasimulia Bi Tarehe. "Hakuna nafasi, baba, kumejaa. Nilimwambia kwa roho safi kabisa. Kompyuta ilisema kumejaa, nami nikaiamini kompyuta."

Siku yake ilipofika, fundi alikaa ndani kwa daktari karibu saa nzima. Kisha daktari mwenyewe, mwanamke kijana ambaye hana kawaida ya kupandisha sauti, alitoka hadi dirishani akiwa ameshika faili.

"Huyu mzee alikuwa wapi miezi yote hii?" aliuliza.

"Nyumbani, daktari. Alikuwa akisubiri zamu yake."

"Zamu gani? Mimi naondoka hapa saa saba mchana kwa kukosa wagonjwa."

Jicho la kushoto la fundi lilikuwa limeshakufa. La kulia lilibaki na tundu dogo la kuonea, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ugonjwa ule ukishakula, haurudishi. Angefika miezi minne mapema, daktari alisema, angeondoka na macho yake yote mawili.

Mchana ule karani hakula. Alichukua karatasi za mahudhurio za miezi saba, akazipanga mezani na kuanza kuhesabu mtu mmoja mmoja. Nafasi mia nne na kumi na mbili zilikuwa zimepita bila mtu kukaa kwenye kiti cha daktari. Alipokuja kuwafuatilia wenye nafasi hizo, aligundua wengine walishahama, wengine walitibiwa kwingine, wengine walisahau. Kumi na wanane walikuwa wamefariki.

Nyuma ya kila kadi kuna namba ya simu ya kupiga iwapo mgonjwa hataweza kufika. Bi Tarehe aliipiga pale pale, kwa simu yake ya mkononi. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena, na safari hii akasikia mlio kwa mbali, ndani ya jengo lile lile.

Aliufuata mlio ule kwenye korido, akipiga upya kila unapokatika, huku wauguzi wakimshangaa. Ukamfikisha kwenye mlango wenye kufuli. Mlinzi alitafuta funguo nusu saa nzima. Ndani kulikuwa na vitanda vibovu, magodoro yaliyochanika, na simu sakafuni, imefunikwa vumbi, ikiita. Mfanyakazi aliyekuwa akiipokea alistaafu miaka miwili kabla, na ofisi yake ikageuzwa stoo.

"Miaka miwili watu wanapiga kusema, mimi siji, mpeni mwingine," anasema. "Wanaongea na magodoro."

Siku ya pili alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alikwenda nyumbani kwa fundi cherehani na kumweleza yote: kwamba nafasi zilikuwepo, na kwamba yeye aliyemwambia hazipo ndiye aliyekuwa amekaa hatua kumi kutoka kwenye kiti kitupu.

Fundi, ambaye sasa hukata vitambaa kwa kupapasa huku mkewe akishona, anaikumbuka siku ile. "Mke wangu alitaka kumtoa nje. Mimi nikamwambia, mwache. Nilimuuliza tu, mwanangu, hao wengine wanaosubiri umeshawaambia?"

Hakuwa amewaambia. Alimwandikia mkuu wa kitengo barua, kisha ya pili, kisha ya tatu. Majibu yalikuwa ya mdomo na ya aina moja: subiri, linashughulikiwa. Ndipo aliponunua daftari la kurasa mia mbili na kuanza kuandika wagonjwa wanaoishi karibu, wanaoweza kufika ndani ya saa moja wakiitwa, wenye hali mbaya zaidi wakiwa juu, kama daktari alivyomwelekeza.

Kila jioni, akishatoka kazini, alikuwa akikaa jikoni na kuwapigia wote wa kliniki inayofuata kwa vocha yake mwenyewe. Anayesema haji, nafasi yake inakwenda kwa wa kwanza daftarini.

"Mume wangu ni fundi bomba, mtu wa maneno machache," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Wiki ya pili akanikalisha chini, akaniambia: Kila siku nakusikia unauliza wanaume, baba utakuja Jumanne, nikutegemee? Niambie kinachoendelea. Nilipomweleza, akaanza kunishikia daftari nikipiga."

Katika miezi mitatu zilijitokeza nafasi mia moja na tisini. Alijaza mia moja sabini na moja. Muda wa kusubiri ukashuka kutoka miezi saba hadi mitano na ushee, bila kuongezwa daktari wala kiti.

Shukrani ilikuja kwa bahasha. Barua ya onyo ilimtuhumu kuwasiliana na wagonjwa nje ya utaratibu na kuweka kumbukumbu zisizo rasmi. Jumatatu wiki hii aliitwa ofisini kwa mkuu wa kitengo, akaambiwa akabidhi daftari na aache kujaza nafasi.

"Hilo ningelimeza," anasema. "Lakini akaniambia, watu wanasema unauza nafasi. Nikamuuliza, watu gani? Nikamwambia, niletee mmoja tu aliyenipa hata soda. Hajaniletea mpaka leo."

Alipotakiwa kueleza, mkuu wa kitengo alisema mfumo mpya wa miadi uko mbioni na kwamba mtumishi mmoja hawezi kujiamulia mambo. Mfumo huo utaanza lini? "Karibuni." Simu ya stoo je? Alisema hana taarifa za simu hiyo. Siku hiyo namba ya nyuma ya kadi ilipigwa mara nne. Haikupokelewa.

Daktari wa macho anasema hajui utaratibu gani umevunjwa. "Tangu Jumanne nimerudi kukaa bure. Nimesomea macho miaka kumi na miwili. Sikusomea kutazama mlango."

Alhamisi ijayo bodi ya hospitali itakutana, na kikao hicho hupokea malalamiko ya wananchi kwa dakika thelathini. Bi Tarehe ameomba nafasi ya kuzungumza. Fundi cherehani ameomba yake. Wagonjwa wengine ishirini na watatu, waliopata matibabu kupitia daftari lile, wamesema watakuja na kadi zao.

Anachotaka ni simu ihamishiwe dirishani kwake, na nafasi inayofutwa ipewe anayefuata siku ile ile. Mumewe amemwonya kwamba huenda wakamhamishia kitengo cha kufua mashuka. Amelifikiria hilo, na ameshazungumza na wanawake wanaofanya kazi huko.

"Nikihamishwa, nitakwenda. Mashuka nayo ni kazi," anasema, akifungua dirisha kumwita mgonjwa anayefuata. "Lakini sitahamishwa kabla sijasimama mbele yao na kuwasomea majina ya wale kumi na wanane waliokufa wakiwa bado kwenye orodha, mmoja mmoja, na tarehe ya miadi ya kila mmoja. Dakika thelathini zinatosha. Nimeshajipima nyumbani."