Mbegu za Mukoe Hazianikwi

Nderitu wa Wamagana alianika kahawa kiwandani kwa miaka thelathini, na kazi hiyo ilimharibu kichwa. Hadi leo hawezi kuona kitu kibichi akakiacha. Maharagwe, mahindi, soksi, vyote huanikwa, hugeuzwa kila saa, kisha hung'atwa kujua kama vimekauka. Soksi hang'ati, nakiri.

Mimi ni jirani yake, kwa hivyo najua pia kosa lake. Mwaka aliooa aliukata mukoe, ule mzambarau wa asili uliosimama kando ya kijito chao, akapanda mikaratusi ya kuuza nguzo. Maji yakapungua. Ndege wa kijani wenye mabawa mekundu, waliokuwa wakimwamsha mkewe Wakonyo kila asubuhi, wakahama. Wakonyo alimzalia watoto wanne na kucheka naye siku zote, lakini kwa habari ya ndege wale hakumsamehe.

Alipostaafu, Nderitu aling'oa mikaratusi yote. Akaenda kwa Muchiri, mwenye shamba huko juu kijito kinakotoka, kuokota matunda ya mukoe. Akayamenya, akaanika mbegu wiki tatu juu ya wavu, akapanda. Hakuna iliyoota. Mwaka wa pili akazianika wiki tano.

"Baba Shiro, unataka kupanda ama kusaga?" Wakonyo akamuuliza.

"Mbegu isiyokauka ni ya kuoza tu," akajibu kama yuko kiwandani bado.

Basi Wakonyo akala matunda machache yaliyobaki, akatema mbegu kwenye matope chini ya mfereji. Baada ya wiki chache miche kumi na mmoja ilikuwa imesimama hapo. Nderitu aliichuchumalia muda mrefu. Sikuwa nimewahi kumwona na aibu, na nilifurahi kupita kiasi.

"Hizi hazikuanikwa," akasema.

"Hata kidogo," Wakonyo akamjibu.

Miche sita ilishika kijitoni. Mwaka huu, wa nane, mmoja umezaa.

Juzi asubuhi nilimwona Nderitu akipanda mteremko mbio, mzee wa miaka sabini na mbili, midomo ameifunga. Wakonyo alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Ni nini? Ng'ombe imeanguka?"

Nderitu akaligusa shavu lake lililotuna. Ndege alikuwa ameangusha mbegu miguuni pake, naye ameitia mdomoni isikauke. Alimshika mkewe bega, akamgeuza upande wa kijito, akaelekeza kidole. Mabawa mekundu yakafunguka juu ya mukoe.

"Haya, tema tupande," Wakonyo akamwambia, huku analia.