Kamba ya Shangazi

Nikipita soko la Gikomba wanapouza kamba mpya za katani, harufu yake hunisimamisha.

Shangazi aliletwa kwetu Makadara kutoka kijijini akiwa amefungwa mikono kwa kamba kama hizo, maana zahanati ya huko haikuwa na dawa za ugonjwa wa akili. Hospitali ya mjini ikampa vidonge. Baada ya wiki chache alikuwa akisonga ugali na kunitania, "Wewe na maswali yako! Kula kwanza."

Asubuhi ya kurudi kwao nilimkuta jikoni akiipaka ile kamba mafuta ya kupikia, taratibu, kama anayempaka mtoto.

"Si umepona, Shangazi?"

"Nimepona. Lakini vidonge vikiisha, huko watanifunga tena. Heri isinichubue."