Tairi za Lami, Minyororo ya Matope

Mwaka ule tairi za gari letu ziliisha kabisa, zikawa laini kama kiganja cha mkono, na nyumbani kwetu Kapseret kukazuka mjadala uliodumu majuma kadhaa. Lilikuwa gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, la kijani, tulilolinunua likiwa tayari limetumika. Mume wangu ndiye aliyelileta nyumbani, lakini mwenye kuliendesha nilikuwa mimi. Yeye alipenda ng'ombe. Mjini alienda kwa shida, na akienda alitaka arudi kabla ya kukamua jioni. Mimi kila asubuhi nilipakia mikebe ya maziwa nyuma na watoto mbele, nikawashusha watoto shuleni, nikapeleka maziwa, kisha nikafungua duka langu la kushona nguo katikati ya Eldoret.

Upande wetu wanawake walioendesha gari la aina ile hawakuwa wengi. Wanaume waliosimama pale senta, penye maduka, walinyamaza nikipita, halafu wakaendelea na mazungumzo yao. Nilizoea. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mbao huko misitu ya Londiani, na kabla sijaolewa alinifundisha kuendesha kwenye njia ambazo mvua ikinyesha hata nyani hutafuta mahali pa kushika. Kwa hiyo usukani ulipokuwa mikononi mwangu sikuwa na wasiwasi, na sikumwomba mtu ruhusa ya kutokuwa nao.

Mume wangu alitaka tairi za matope, zile zenye meno makubwa. Alikuwa na sababu. Kutoka kwenye boma letu mpaka barabara ya murram, ile ya udongo mwekundu ulioshindiliwa, kulikuwa na kijia ambacho mvua za Aprili zilikigeuza uji, na uji huo haukukauka mpaka karibu mavuno. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, aliyelima mahindi karibu na Turbo, alimwunga mkono. Yeye mwenyewe alikuwa na pikapu iliyofungwa tairi za meno, na iliponguruma barabarani uliisikia kabla hujaiona.

Jumapili moja baada ya kanisa alikuja kula kwetu, na mazungumzo yakarudi palepale.

"Shemeji," akaniambia, akinyoosha mkono kuchukua mukimo, "gari lisilo na meno litatafunaje matope?"

"Matope natafuna kidogo tu," nikamjibu. "Lami ndiyo chakula changu cha kila siku."

"Na siku ukikwama?"

"Nitakwama polepole, hapa karibu na nyumbani, na baba watoto ataniona kutoka zizini. Lakini nikiteleza kwenye lami na watoto ndani, nani ataniona?"

Mume wangu aliacha kutafuna. Nikaendelea, kwa sababu jambo hilo nilikuwa nimelifikiria muda mrefu kuliko wao wawili wakiwekwa pamoja. Tairi za matope ni ngumu, na meno yake yameachana. Kwenye lami yenye maji, kinachogusa barabara ni vile vinundu vichache tu. Mimi nilitaka tairi za kila msimu, zenye mifereji midogo mingi ya kupitisha maji, raba laini kiasi, za kufaa kiangazi na mvua. Kwa kile kijia chetu ningefanya kama baba yangu alivyofanya msituni: minyororo. Unaifunga kwenye magurudumu ukifika penye matope, unavuka, unaifungua, unaenda zako.

"Minyororo ni kazi," mume wangu akasema.

"Ni kazi. Nitaifanya mimi."

Hakukubali siku hiyo, lakini pia hakukataa, na baada ya miaka kadhaa ya kuishi na mtu huyo nilijua tofauti.

Nilienda kununua Jumatano. Duka la tairi lilikuwa karibu na stendi, na picha ya rais ikining'inia juu ya kaunta kama katika kila duka la mji. Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye koti la buluu, alinipokea vizuri na kunitolea tairi za meno kabla sijasema lolote.

"Hizi ndizo za gari lako, mama. Wakulima wote wanachukua hizi."

"Nionyeshe zile nyingine."

Alizitoa, na nikainama nikapitisha kidole kwenye mifereji, nikaibonyeza raba kwa ukucha kuona kama imekauka kwa kukaa sana stoo.

"Mzee wa nyumbani anajua unachukua hizi?" akauliza.

"Anajua anayeendesha ni nani."

Alitabasamu kidogo, akamwita fundi. Nilisimama pale mpaka gurudumu la mwisho likakazwa, kisha nikanunua minyororo, nikaiweka kwenye gunia chini ya kiti.

Mvua zilipokolea, kijia chetu kilinipa kazi niliyoitarajia. Nilivaa gambuti, nikapiga magoti kwenye matope, nikafunga minyororo, nikavuka, nikafungua. Asubuhi mbili tatu mume wangu alitoka zizini akasimama kunitazama, mikono mfukoni. Kisha siku moja akaja akapiga magoti upande wa pili, na tangu hapo gurudumu moja likawa langu na jingine lake.

Mwezi wa Agosti binti wa shemeji aliolewa. Harusi ilikuwa Nakuru, kwa upande wa bwana harusi, nasi tukaondoka asubuhi magari mawili. Bibi harusi, mama yake na mume wangu walikuwa nami, na gauni nililolishona kwa mikono yangu lilikuwa limelazwa kwenye shuka nyuma ya viti. Shemeji alitangulia na pikapu, akiwa na wajomba wawili na zawadi chini ya turubai.

Mvua ilianza tulipopita Burnt Forest. Tulipokaribia Timboroa ikageuka mvua ya mawe. Wanaoijua nchi ile ya juu wanajua ninachosema: kwa muda mfupi barabara ilikuwa nyeupe yote, na yale mawe yalisagika chini ya magurudumu kama chumvi. Niliweka gia ndogo, nikavuta kile kirungu kinachofanya magurudumu yote manne yavute, nikaondoa mguu kwenye breki kabisa.

"Anti, tutafika?" bibi harusi akauliza.

"Tutafika. Kihurumie tu kitabu chako cha nyimbo," nikamwambia, maana alikuwa akikikunja mikononi karibu kipasuke. Alicheka.

Shemeji hakupunguza mwendo. Kwenye kona niliona mkia wa pikapu ukihama taratibu, kama ng'ombe anayekataa kamba, halafu gari zima likageuka upande na kuingia mtaroni. Mama wa bibi harusi aliita jina la Mungu mara moja. Sikukanyaga breki. Niliacha gari lipunguze mwendo lenyewe, likaitika, likanyooka, nikasimama ng'ambo ya kona palipo tambarare.

Mume wangu aliteremka akakimbilia pikapu. Hakuna aliyeumia. Mjomba mmoja alikuwa amelowa mpaka shingoni, na shemeji alikuwa ameshika usukani bado, akitazama mbele kama mtu anayeendelea na safari.

"Hizi tairi," akasema hatimaye, "hazikushika kabisa."

Haikuwa saa ya kujibizana. Pikapu ilikuwa imezama kwenye tope la mtaro, na kando ya barabara kulikuwa na udongo laini. Nilirudi nyuma mpaka ukingoni, nikatoa lile gunia la minyororo. Mume wangu alichukua mnyororo wake bila kuambiwa. Wajomba walifunga kamba, nami nikavuta polepole, gari likilalamika, minyororo ikichimba, mpaka pikapu ikatoka na kusimama tena kwenye lami.

Shemeji alikuja dirishani kwangu, maji yakimdondoka kwenye kofia.

"Tangulia wewe," akasema. "Nitakufuata."

Tulifika kanisani tumechelewa, lakini mchungaji alikuwa ametusubiri, na gauni halikuwa na hata tone. Bibi harusi aliingia na viatu vyenye tope, na hakuna aliyetazama viatu.

Shemeji hakubadilisha tairi zake, wala mimi sikumshauri. Maisha yake yalikuwa shambani Turbo, kati ya mahindi na ghala, na huko zilimfaa kuliko za kwangu. Alichofanya kilinishangaza zaidi. Baada ya mavuno alikuja kwetu na pikapu, mke wake ameketi kando yake amevaa kitambaa kizuri cha kichwa kama anayekwenda ibada. Akanipa ufunguo.

"Huyu naye anataka kujua," akasema. "Mimi nikimfundisha tutagombana."

Tulienda, wanawake wawili, kwenye shamba letu lililokuwa limebaki mabua matupu. Nilikaa kiti cha abiria. Mara ya kwanza alizima injini, mara ya pili pia. Mara ya tatu gari lilisonga, meno yale makubwa yakivunja mabua, na mama yule, aliyekuwa ameshalea watoto wengi kuliko mimi, alishika usukani kwa mikono miwili na kuniuliza, kwa sauti ya chini sana, kama anaweza kwenda mpaka kwenye ua wa miti ulioko mwisho wa shamba.

"Nenda," nikamwambia. "Usikanyage breki haraka."

Alienda mpaka kwenye ua ule, akageuza mwenyewe, akaturudisha.