Jumapili Tuliyokula kwa Mtaliano

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kula chakula cha mchana mjini Nakuru, na sahani ilipowekwa mbele yangu nikashindwa kuinua uma. Zilikuwa tambi, na juu yake kamba wa baharini wawili, wekundu, macho yakinitazama. Mjukuu alidhani naumwa. Nilikuwa mzima. Ni vile tu nilikuwa nimerudi ghafla kwenye Jumapili moja ya miaka ya hamsini, na mshtuko wa siku ile, niamini, haujanitoka mpaka leo.

Tulikaa Bondeni, chumba kimoja, baba, nyanya na mimi. Mama alikuwa Subukia akichuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu, nami niliachwa mjini nisome. Asubuhi nilichota maji, nyanya akabandika mahindi na maharagwe kwenye jiko la makaa, na king'ora cha reli kikilia baba alikuwa keshaondoka zamani. Alifanya kazi kwa Mtaliano. Huyo alikuwa mfungwa wa vita, mmoja wa wale waliochonga barabara ya kuteremka Mai Mahiu. Vita vilipoisha hakurudi kwao. Alifungua mkahawa mdogo karibu na stesheni. Meza zilikuwa nane tu, lakini kila Jumapili magari ya masetla, wazungu wenye mashamba, yalijipanga nje, mengine yametoka Njoro, mengine Elementaita. Samaki walikuja na treni kutoka Mombasa ndani ya masanduku ya barafu na unga wa mbao. Baba alirudi ananuka kitunguu saumu na siagi, mpaka blanketi zetu zikanuka vilevile. Tukimuuliza kazi yake, alisema anasaidia jikoni, basi.

Mwaka huo Mtaliano alilazwa na homa ya mapafu mwezi mzima. Alipopona alimwambia baba alete watu wake waje kula mezani kama wageni wengine. Baba alikataa mara mbili. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, na Mwafrika kukutwa mahali ambapo hapakuwa pake ilitosha kumlaza ndani. Mara ya tatu Mtaliano hakumwomba. Alimwambia meza imeshatandikwa.

Jirani yetu, mama wa Kiislamu mzaliwa wa Mombasa, alimwazima nyanya leso mpya, akatuusia kwamba tukiletewa kamba tusiwaache. Nyanya aliitikia kwa adabu, lakini njiani aliniinamia akaniuliza tangu lini watu wanakula kamba. Kwetu milimani kamba ilikuwa ya kufungia ng'ombe.

Mtaliano mwenyewe alituvutia viti, mimi na nyanya, katikati ya mkahawa kabisa; baba alikuwa jikoni. Tambi zilipofika, ndefu na zenye kung'aa, nyanya alishusha pumzi. "Kumbe ndizo hizi zinazonukisha blanketi zetu," alisema, akazila kwa vidole, polepole, kama mtu aliye kanisani. Halafu wakaletwa kamba wenyewe, na sharubu zao. Nyanya alirudisha kiti nyuma. Aliniuliza hawa ni panzi wa wapi. Mimi nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili. Watu wetu hawakula hata samaki wa mtoni.

Ndipo nikasikia kimya. Vijiko vyote vilikuwa vimetulia. Setla mmoja, mtu mnene mwenye shingo nyekundu, alikuwa amesimama na kitambaa cha mezani mkononi. Alimsemesha Mtaliano kwa Kiingereza, kisha akatugeukia sisi. "Nyinyi, toka. Enda kula huko nje."

Nyanya aliweka tambi zake chini. Nikaona anatafuta ncha ya leso ajifunike, nikajua tunaondoka. Lakini Mtaliano alikuja akasimama kati yetu na yule mtu, akamjibu kwa Kiswahili, makusudi, nafikiri, ili na sisi tusikie.

"Mimi gonjwa mwezi moja," alisema. "Wewe kuja kila Jumapili. Wewe sema chakula zuri sana, zuri kupita zamani. Nani pika?"

Alifungua mlango wa jikoni, akamleta baba, jasho likimtiririka. "Yeye pika."

Nilimtazama baba kama mgeni. Miaka yote nilidhani anaosha sufuria. Uso wa yule setla nao ulibadilika. Aliangalia sahani yake, akamwangalia baba, akatupa kitambaa na kutoka. Wengine walimfuata, meza moja baada ya nyingine, mpaka akabaki bibi mmoja mzungu, mzee sana, aliyeendelea kutafuna.

Baba alikuwa bado amesimama. Nyanya ndiye aliyesema, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, keti. Mtoto hawezi kula na baba yake amesimama."

Akavua aproni, akaketi. Akamenya kamba mmoja, akaniwekea mdomoni. Ladha ilikuwa tamu kiasi kwamba niliona aibu kuipenda.

Jumapili iliyofuata yalikuja magari mawili. Kabla ya mvua za masika, Mtaliano alikuwa amefunga mlango na kupanda treni ya Mombasa. Baba alipata kibarua Kariandusi, kuchimba ule udongo mweupe, akawa anarudi nyumbani mweupe hadi kope. Hakupikia watu tena. Mahali pale sasa wanauza simu, na nilipowauliza vijana wa dukani walinihakikishia kwamba hapajawahi kuwa na mkahawa. Nyanya hayupo, yule bibi hayupo, na zile pilikapilika za Jumapili stesheni hazipo.

Baba alipozeeka nilimuuliza kama alijuta kuketi.

"Pale nilipika miaka saba," alisema. "Nilikula siku moja."