Babu na Mjukuu kwa Mstari Mmoja

Asubuhi ile watu wawili waliingia hospitalini kwetu Malindi, babu na mjukuu wake. Kompyuta ikasema ameingia mtu mmoja.

Ikashikilia hivyo hivyo mpaka mmoja wao akazikwa.

Mwaka ni 1988. Mimi naitwa Shekha, mtu wa Mambrui, na kazi yangu ilikuwa kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye hospitali ndogo ya mtu binafsi. Jina lake silitaji, wenyewe wana watoto na wajukuu.

Kumbukumbu zetu zilikuwa ndani ya bahasha za kaki. Mji mmoja, yaani watu wote wa boma moja, bahasha moja. Vyeti, barua, vijikaratasi vya wauguzi, vyote humo humo. Kutafuta kitu mle ndani ni adhabu, lakini hakipotei.

Ndipo akaletwa Thuku kutoka Nairobi, na kompyuta imefunikwa shuka kama bibi harusi. Kijana mpole, ana adabu, tena kazi yake anaijua. Msije mkadhani nataka kumsengenya.

Alianza na dawa. Kila dawa ina mstari wake kwenye jedwali: jina, idadi, tarehe ya kuharibika, na iko tawi gani. Ukiuliza unajibiwa papo hapo. Zamani tulikuwa tukipiga simu tawi la Mambrui mpaka koo linakauka. Hapo nikampa heko yake.

Sasa akawataka na wagonjwa.

"Dada Shekha, sheria ya majedwali ni moja," akaniambia. "Kitu kimoja huandikwa mara moja tu. Mkirudia, mtajichanganya."

"Na haya maneno ya kwenye vijikaratasi utayatia wapi?"

"Yasiyo na nafasi kwenye jedwali yatabaki kwenye bahasha kwa sasa."

"Thuku, dawa zafanana. Watu hawafanani."

Akacheka tu. Nami nikanuna, na mimi nikinuna nanuna kweli.

Akaandika majina ya wagonjwa wote. Alipomaliza akaona watu wa Jilore wamejirudia: jina lile lile, jina la baba lile lile, kijiji kile kile. Umri hakuutazama, akadhani wamejiandikisha mara mbili. Kila penye wawili akafuta mmoja, wala hakumwambia mtu.

Maskini, hakujua. Kwa Wagiriama mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake. Randu humzaa Fondo, Fondo humzaa Randu. Kwa hivyo babu ni Randu Fondo, mjukuu naye ni Randu Fondo, na wote ni wa mji mmoja. Hapa kwetu hilo halina ugeni.

Basi asubuhi ile niliyoanza nayo, mzee Randu alikuja amembeba mjukuu wake mgongoni. Wazazi wa mtoto walikuwa Mtwapa wakitafuta riziki. Mtoto alikuwa anawaka homa, kifua kinapanda na kushuka. Mzee mwenyewe alikuwa akikohoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtazameni huyu kwanza. Mimi nitangoja."

Mtoto akapelekwa wodini, mzee akakaa kwenye benchi.

Daktari Maina akaagiza penisilini. Thuku akaandika jina, mashine ikatoa karatasi, karatasi ikapelekwa chumba cha sindano. Hakuna aliyeona kwamba kwenye umri imeandikwa miaka sitini na minne.

Mimi kwa ukaidi wangu nikafungua bahasha ya mji wao. Nikakuta kijikaratasi cha muuguzi: "Randu Fondo asichomwe penisilini. Mara ya kwanza alizimia, nusura afe."

Nikakimbia nacho wodini.

Daktari akakisoma. "Ni Randu yupi huyu, mkubwa au mdogo?"

"Hakisemi, daktari."

"Basi tubadilishe dawa kwanza, tutauliza baadaye."

Dawa ya pili ilikuwa imekwisha kwetu. Thuku akaiuliza kompyuta, na kabla sijavuta pumzi ikajibu: iko tawi la Mambrui. Gari likaondoka mbio. Wallahi nilimpenda Thuku dakika ile. Bahasha imetuonya, jedwali limetupatia dawa, mtoto atapona. Tulikuwa tunacheka.

"Sasa kamwulize babu yake," daktari akasema. "Nataka kujua kati yao ni nani asiyeiweza penisilini."

Nikatoka. Kwenye benchi mzee hayupo.

"Ameitwa kwa sindano," mama mmoja akaniambia.

Nikatoka mbio. Karatasi ile ya kwanza hakuna aliyeirudisha.

Nilipofika chumba cha sindano, muuguzi Mumbua alikuwa anatupa pamba, na mzee anashusha mkono wa shati.

"Umemchoma nini?"

"Penisilini. Karatasi inasema Randu Fondo wa Jilore, miaka sitini na minne. Nikamuuliza kama ndiye, akasema ndiye."

Mzee akanitazama kwa furaha. "Ahsanteni, mwanangu. Nilidhani hamkukisikia kikohozi changu."

Kisha akajishika koo.

Daktari Maina alikuja mbio, akafanya kila alichojua kufanya. Mzee Randu alikufa pale pale kwenye kitanda cha chumba cha sindano, na mimi nimemshika mkono. Dawa ya Mambrui ikafika, mjukuu akachomwa, homa ikaanza kushuka.

Mngedhani yameishia hapo.

Kesho yake Mumbua akaja kuchukua dawa ya mtoto. Thuku akaandika jina. Mashine ikakataa. Akaandika tena, ikakataa tena.

"Inasemaje?" nikamuuliza.

Nikainama nikasoma mwenyewe: mgonjwa amefariki, asipewe dawa.

Thuku aliinamisha kichwa mezani akalia kama mtoto. Mimi niliyemnunia miezi yote nikajikuta nampapasa mgongo. Dawa ya mtoto tuliitoa kwa mkono.

Baadaye dawa zilibaki kwenye majedwali, maana huko zilitulia. Wagonjwa tukawarudisha kwenye bahasha, lakini safari hii kila mtu na yake, na nambari yake. Bahasha ya mji mzima nayo ilikuwa na lawama, nisiwafiche.

Nyinyi mnaojenga mifumo siku hizi nawasikia mkibishana, majedwali au yasiyo majedwali. Ulizeni kwanza mnatia nini. Chupa za dawa zinapenda mistari. Habari za mtu zinataka nafasi ya kuandika lisilotarajiwa. Na mkiona wawili wamefanana kila kitu, msifute. Tokeni mwende kwenye benchi mkawatazame.